Revit, Archicad au programu huria: njia ya kubuni jengo moja mkiwa ofisi nne

Jengo la ghorofa sita, maduka chini na ofisi juu, hupita katika ofisi nne kabla mkandarasi hajamwaga zege la kwanza: ya msanifu majengo, ya mhandisi wa miundo, ya mhandisi wa umeme na mitambo, na ya mkadiriaji majenzi. Kwa miaka mingi ofisi hizo zimekuwa zikitumiana michoro ya mistari kwa barua pepe, na migongano imekuwa ikigunduliwa saiti. Bomba la maji taka limekuta boriti. Mlango wa lifti umekuta nguzo. Dari imeshushwa sentimita 20 kwa sababu hakuna aliyelitengea nafasi bomba la hewa. BIM (kifupi cha Kiingereza cha Building Information Modelling) ilikuja kutibu hayo: badala ya kuchora mistari, mnalijenga jengo ndani ya kompyuta kwa vitu vyenye taarifa. Ukuta unajua unene wake, tabaka zake, ghorofa yake na muda unaoweza kuhimili moto. Ukiusogeza kwenye plani, mkato na jedwali la milango navyo vinabadilika.

Ofisi inayotaka kuanza huuliza kwanza inunue programu gani. Mimi naona jibu linategemea zaidi watu mnaofanya nao kazi kuliko sifa za programu yenyewe. Msanifu anayebuni peke yake achague kinachompendeza. Anayebuni na wengine anawachagulia na wao pia, kwa sababu kila faili atakalotoa litafunguliwa na mtu mwenye programu nyingine, toleo jingine na mazoea mengine. Kwa hiyo nazilinganisha hapa njia tatu, Revit, Archicad, na njia huria, yaani ya programu za bure zenye msimbo ulio wazi, FreeCAD pamoja na Bonsai, kwa kipimo kimoja tu: zinawasaidiaje watu wengi kubuni jengo moja bila kuumizana. Uzuri wa picha za kumwonyesha mteja siugusi, maana picha nzuri zinatoka kwenye programu zote.

Kazi mbili tofauti zinazoitwa ushirikiano

Kuna ushirikiano wa ndani ya ofisi moja, ambapo wasanifu watatu wanaingia kwenye modeli ileile kwa wakati mmoja: huyu anashughulikia ngazi, yule vyoo, mwingine uso wa jengo. Na kuna ushirikiano kati ya ofisi na ofisi, ambapo kila fani ina modeli yake na siku mliyokubaliana modeli hizo zinawekwa pamoja, moja juu ya nyingine, ili kuona kinachogongana.

Watu wengi wakisikia BIM hufikiria aina ya kwanza ikipanuliwa hadi iwameze wote, yaani modeli moja kubwa ambayo msanifu, mhandisi na mkadiriaji wanaihariri pamoja. Sishauri mtu aitamani hali hiyo. Mhandisi wa miundo ndiye anayegonga muhuri kwenye nguzo, naye hawezi kukiwekea muhuri kitu ambacho msanifu anaweza kukisogeza usiku. Tanzania wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi wanasajiliwa na bodi yao, AQRB, wahandisi wanasajiliwa na bodi ya wahandisi, ERB. Bodi mbili, mihuri tofauti, dhamana tofauti. Modeli inapaswa kuheshimu mpaka huo.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 19650, ambacho sehemu zake mbili za kwanza zilitolewa mwaka 2018, kimejengwa juu ya wazo hilohilo. Kila taarifa inakuwa katika moja ya hali nne: kazi inayoendelea, ambayo haitoki nje ya timu iliyoitengeneza, iliyoshirikishwa, ambayo fani nyingine wanaruhusiwa kuitegemea, iliyotolewa rasmi, ambayo mkandarasi anaweza kujengea, na kumbukumbu. Hata ofisi ya watu wanne inaweza kuufuata utaratibu huu kwa folda nne na nidhamu ya kutaja majina ya mafaili, na faida yake itaonekana kabla hamjanunua programu yoyote.

Ndani ya ofisi moja: Revit na Archicad

Revit ilizaliwa Marekani, katika kampuni ndogo iliyoanzishwa mwaka 1997, na ikanunuliwa na Autodesk mwaka 2002. Katika kazi ya pamoja, faili mama linakaa kwenye seva ya ofisi. Kila mtu anafungua nakala yake, anafanya kazi humo, kisha anaisawazisha na faili mama. Ukigusa ukuta, umeuazima. Mwenzako akiugusa huohuo anaambiwa uko kwa nani, naye anaweza kuomba uuachie. Vitu vinaweza pia kupangwa kwa mafungu, kama ganda la nje, kuta za ndani, ngazi na lifti, ili kila mmoja afungue fungu analohitaji tu.

Mfumo huu umekomaa, na kwenye mtandao wa waya wa ofisi unakwenda vizuri. Ugumu unaanza mmoja anapokuwa Arusha na wengine Dar es Salaam. Faili mama halipaswi kuwekwa Dropbox wala Google Drive. Huduma hizo zinanakili mafaili bila kujua nani ameazima kitu gani, na mwisho wake ni faili mama mbili zinazopingana, au moja lililoharibika. Autodesk wana huduma yao ya mtandaoni kwa ajili hiyo, BIM Collaborate Pro, lakini inalipiwa kando, kwa kila mtumiaji, juu ya leseni ya Revit yenyewe.

Archicad ni ya Graphisoft, kampuni iliyoanzishwa Budapest, Hungary, mwaka 1982, na leo iko chini ya kundi la Nemetschek la Ujerumani. Kwake mradi wa pamoja unaishi ndani ya BIMcloud, na toleo la msingi la BIMcloud halina malipo ya ziada kwa mwenye leseni za Archicad. Mnalisimika wenyewe kwenye kompyuta moja ya ofisi inayobaki imewashwa. Mtumiaji anahodhi vitu anavyotaka kuvifanyia kazi, kisha anatuma na kupokea. Tangu toleo la 13, la mwaka 2009, kinachosafiri kati ya mtumiaji na seva ni mabadiliko tu na si faili zima. Kwa anayelipia bando hilo ni jambo kubwa. Asubuhi unaunganisha, unahodhi ghorofa ya tatu yote, unakata mtandao, unafanya kazi mchana kutwa, jioni unatuma.

Revit nayo inakuruhusu kuendelea na ulivyokwisha kuviazima ukiwa nje ya mtandao. Tofauti ninayoiona ni ya gharama na uzito: ofisi ya Archicad yenye watu watatu mikoa miwili inaweza kujiendeshea seva yake bila malipo mapya, mradi mtaalamu wa mtandao awafungulie njia salama ya kuifikia kutoka nje. Ofisi ya Revit katika hali hiyohiyo itaishia kulipia huduma ya mtandaoni. Kwa hiyo ndani ya ofisi, kwa mazingira yetu ya umeme na intaneti, naipa Archicad ushindi. Na iwe seva ipi, iwekeeni UPS, yaani betri ya kuishikilia umeme ukikatika, na nakala ya akiba ya kila usiku ikae kwenye diski isiyo ndani ya kompyuta hiyo.

Jambo moja la kuangalia kabla ya kulipa: matoleo ya bei nafuu ya programu zote mbili hukata uwezo huu. Revit LT haina kazi ya pamoja, na Archicad Solo haina Teamwork, yaani kazi ya pamoja ya Archicad. Muuzaji anaweza asiwaambie msipouliza.

Kati ya ofisi na ofisi

Hapa mizani inaegemea upande mwingine. Tangu toleo la 2013, Revit moja inabeba usanifu, miundo na mifumo ya umeme, maji na hewa. Mhandisi wako wa miundo akiwa na Revit, na wa umeme na mitambo akiwa nayo, mnaunganishiana modeli moja kwa moja: nguzo zake zinaonekana ndani ya jengo lako kama nguzo halisi, na zikisogezwa programu inaweza kukuonya kwamba gridi au usawa wa ghorofa umebadilika. Hakuna kinachopotea katika tafsiri kwa sababu hakuna tafsiri. Ofisi za uhandisi zilizoingia BIM mara nyingi zimeingia kupitia Revit, na hiyo ndiyo sababu yake kubwa ya kuenea.

Sharti lake ni gumu: wote muwe toleo moja. Faili lililohifadhiwa kwa Revit ya mwaka huu halifunguki katika ya mwaka jana, wala hakuna amri ya kulirudisha nyuma. Mtu mmoja katika timu akiboresha toleo lake Jumatatu na kufungua modeli ya pamoja, wengine wote wamefungiwa nje hadi nao waboreshe. Andikeni toleo kwenye makubaliano ya mradi na lisiguswe hadi mradi uishe. Archicad inaweza kuhifadhi faili la kawaida kwa toleo lililotangulia, hatua moja nyuma, jambo linaloleta nafuu kidogo.

Msanifu wa Archicad atakutana na mhandisi asiye na Archicad karibu kila mara, hivyo maisha yake ni ya IFC. Huu ni muundo wa faili ulio wazi, unaotunzwa na shirika la buildingSMART na kutambuliwa kuwa kiwango cha ISO 16739 tangu mwaka 2013. Haumilikiwi na kampuni yoyote ya programu. Revit inautoa, Archicad inautoa, Tekla wanayoitumia wahandisi wa chuma inautoa, na programu huria zinausoma na kuuandika.

IFC inafanya kazi vizuri sana mkiitumia kwa kusudi lake: kutazama, kupima, kugonganisha na kurejelea. Inakatisha tamaa mkitaka mtu aifungue aendelee kuihariri kama faili lake mwenyewe. Kuta zinaweza kugeuka maumbo mafu yasiyojua kwamba ni kuta. Msanifu anatoa IFC, mhandisi anaiweka chini ya kazi yake kama rejeo, anajenga nguzo na boriti zake mwenyewe, naye anarudisha IFC yake. Kila mtu anahariri cha kwake tu, na mpaka wa mihuri niliotaja juu unajilinda wenyewe.

Anayedhani njia hii ni ya watu wasio na uwezo aangalie Norway. Daraja la Randselva, lenye urefu wa mita 634, lilijengwa kwa modeli badala ya michoro, na mafundi wakasoma nondo kutoka kwenye modeli. Finland, shirika linalosimamia majengo ya serikali lilianza kudai IFC katika miradi yake mwaka 2007. Singapore, ambayo kufikia mwaka 2015 ilikuwa inadai modeli kwa majengo yanayozidi mita za mraba 5,000, sasa inapokea maombi ya vibali kwa IFC kupitia mfumo wake wa CORENET X.

Pamoja na IFC mtahitaji njia ya kujibizana. Picha ya skrini kwenye WhatsApp yenye duara jekundu inafahamika, lakini baada ya wiki tatu hakuna anayejua duara lile lilijibiwa au la. Muundo wa faili wa BCF, uliotengenezwa kwa kutumiana hoja kuhusu modeli, unabeba hoja yenyewe, mahali mtazamaji aliposimama ndani ya modeli, na utambulisho wa kitu kinachohusika. Mhandisi akiifungua hoja ndani ya programu yake anapelekwa palepale kwenye boriti husika. Revit inahitaji kiongezi kwa kazi hii. Archicad inayo ndani yake. Bonsai nayo inayo. Nikilazimika kuchagua kitu kimoja cha kuingiza katika timu ambayo haijawahi kushirikiana kwa modeli, ningeanza na BCF, kwa sababu ndiyo inayoonyesha nani anangojewa na nani.

Njia huria

FreeCAD ilianza mwaka 2002 na ikafikia toleo la 1.0 mwezi Novemba 2024, likiwa na meza ya kazi ya BIM ndani yake. Msanifu Yorik van Havre ni miongoni mwa walioibeba kazi hiyo kwa miaka mingi. Bonsai, iliyokuwa ikiitwa BlenderBIM hadi mwaka 2024, inakaa juu ya Blender, programu huria ya kuchora maumbo ya 3D, na imeongozwa na Dion Moult wa Australia. Zote ni za bure, kwa biashara pia, na zinaendeshwa kwenye Windows, Mac na Linux. Archicad inaendeshwa kwenye Windows na Mac, Revit kwenye Windows pekee.

Bonsai ina tabia moja inayoitofautisha na programu zote nilizotaja: haitafsiri kwenda IFC, inaandika IFC yenyewe. Faili unalohifadhi ndilo faili unalompa mhandisi. Ukitaka kujua kwa nini ukuta fulani unaonekana vibaya kwenye programu ya mwenzako, Bonsai itakufungulia matumbo ya faili na kukuonyesha kila sifa ilivyoandikwa. Hata ofisi ya Revit au Archicad inafaa kuwa nayo kwenye kompyuta moja kwa ajili ya ukaguzi tu.

Kama chombo kikuu cha uzalishaji wa michoro, siwezi kuipendekeza kwa ofisi yenye watu watano na tarehe ya kukabidhi iliyo karibu. Kujifunza kwake ni kwa muda mrefu. Hakuna kazi ya pamoja ya moja kwa moja, watu wawili katika modeli moja kwa wakati mmoja. Mnagawana jengo katika mafaili, au mnatumia mifumo ya kufuatilia matoleo inayotumiwa na waandishi wa programu. Hakuna wakala wa kumpigia simu saa nne usiku. Lakini mhitimu anayeanza ofisi peke yake, shirika dogo linalojenga madarasa na zahanati, au mhandisi anayehitaji kusoma modeli za wengine na kurudisha nguzo zake, hao wana njia halali hapa ambayo miaka kumi iliyopita haikuwapo.

Uhalali una uzito wake. Ofisi nyingi huanza na nakala zisizo na leseni, na kwa kuchora peke yako unaweza kudhani hakuna tatizo. Katika kazi ya pamoja tatizo linakuja haraka: huduma ya mtandaoni inamtaka kila mtu aingie kwa akaunti yenye leseni, na mshirika wa nje anayejali jina lake hatapokea mafaili kutoka kwenye programu iliyochezewa. Wanafunzi hawana haja ya kupita huko, kwani Autodesk na Graphisoft wote wanatoa leseni za masomo bila malipo. Zisitumike kwa kazi ya kulipwa.

Sifuri yenu iko wapi?

Programu yoyote mtakayochagua, mtakutana na jambo hili siku ya kwanza ya kuunganisha modeli. Modeli ya msanifu inaonekana hapa, ya mhandisi inaonekana kilomita kadhaa kando, au imezama mita moja na nusu chini.

Chanzo mara nyingi ni ramani ya upimaji. Kiwanja cha Dar es Salaam kikipimwa kwa UTM, mfumo wa ramani unaotaja mahali kwa mita, kona zake zinakuja na namba zinazokaribia 530,000 upande wa mashariki na 9,248,000 upande wa kaskazini, zote kwa mita. Programu za usanifu hazipendi namba kubwa hivyo. Revit inataka jengo liwe ndani ya takriban kilomita 16 kutoka kwenye chimbuko lake la ndani. Ukivuka hapo mistari inaanza kutetemeka na vipimo kupoteza usahihi. Archicad na FreeCAD nazo zinaonyesha dalili za ugonjwa huohuo.

Suluhisho ni makubaliano ya ukurasa mmoja. Chagueni makutano ya gridi A na gridi 1, kwenye usawa wa sakafu iliyomalizika ya ghorofa ya chini, pawe sifuri ya jengo. Andikeni pembeni kwamba sifuri hiyo ni nukta gani ya UTM, iko mita ngapi juu ya usawa wa bahari, na jengo limezungushwa nyuzi ngapi kutoka kaskazini. Kila fani iweke kwenye sifuri hiyo, ndani ya modeli yake, kijiwe cha pembetatu cha alama chenye rangi yake. Modeli zikiunganishwa na vijiwe vyote vikaonekana mahali pamoja, endeleeni. Vikitawanyika, simamisheni kila kitu hadi mjue kwa nini.

Katika hili Revit inachanganya wageni zaidi, kwa kuwa ina nukta tatu: chimbuko la ndani, nukta ya mradi na nukta ya upimaji, na mtoaji wa IFC anaulizwa atumie ipi. Archicad ni rahisi kuielewa. Bonsai inasogeza namba kubwa yenyewe na kukumbuka zilikotoka. Na hapa kuna sababu ya kudai IFC4 badala ya toleo la zamani la IFC2x3 pale wote mnapoweza: IFC4 ina mahali rasmi pa kuandika uhusiano kati ya sifuri ya jengo na ramani ya upimaji, mwenzake hana.

Mkadiriaji majenzi asisahauliwe

Katika ulinganisho mwingi anatajwa kwa sentensi moja, kwamba BIM inatoa idadi za vifaa kwa kubonyeza. Haitoi, si kwa namna anavyozihitaji.

Chukua slabu ya milimita 150 juu ya boriti za upana wa milimita 200 na kina cha milimita 450. Mhandisi akichora boriti kwa kina chake chote, na slabu ikapita juu bila kuunganishwa nazo, kila mita ya boriti imehesabiwa zege mara mbili kwa mita za ujazo 0.03. Jengo lenye mita 300 za boriti za namna hiyo limeongezewa mita za ujazo 9 za zege ambazo hazipo. Revit inaweza kukata vitu vinavyopishana mkiviunganisha. Archicad inatumia vipaumbele vya malighafi, ambapo zege linalipita tofali bila kuambiwa kila mara. Naona njia ya Archicad inasamehe zaidi uzembe wa mchoraji. Lakini hakuna programu itakayowaokoa ikiwa msanifu amechora slabu yake na mhandisi amechora slabu ileile kwenye modeli yake. Kubalianeni: slabu ya zege ni ya mhandisi, msanifu anachora vigae na lipu ya sakafu inayokaa juu yake. Ukuta wa tofali ni wa msanifu, lenta ni ya mhandisi.

Mabanzi ya kumwagia zege, lipu ya pembe za madirisha, taka za vifaa, nondo za kufungia, vingi vya hivyo havimo kwenye modeli, wakati kanuni za upimaji zinazotumika Afrika Mashariki zinavitaka. Mpeni mkadiriaji IFC, kitazamaji cha bure kinachoweza kupima, na majedwali yanayotoka kwenda Excel. Hapa Revit inafanya vizuri kwa majedwali yake. Kisha mwacheni afanye taaluma yake. Mwiteni mwanzoni, aseme vitu vipewe majina na misimbo gani, maana modeli yenye kuta 40 zote zikiitwa "ukuta wa kawaida" haimsaidii.

Gharama

Revit inauzwa kwa malipo ya muda tu. Autodesk waliacha kuuza leseni za kudumu mwaka 2016. Kwa bei ya Marekani leseni moja inakaribia dola 3,000 kwa mwaka. Malalamiko juu ya bei hiyo si ya ofisi ndogo peke yake: mwaka 2020 kundi la ofisi kubwa za Uingereza, Zaha Hadid Architects ikiwemo, liliandika barua ya wazi kwa Autodesk kulalamikia gharama zinazopanda na maendeleo ya polepole ya Revit. Archicad inapitia kwa mawakala na bei yake hutofautiana nchi na nchi, hivyo ombeni bei ya maandishi. Ongezeni kompyuta yenye kumbukumbu ya GB 32, mafunzo, na miezi kadhaa ambayo kasi ya ofisi itashuka. Hii ya mwisho ndiyo ghali kuliko zote na haiko kwenye ankara yoyote.

Ningechaguaje

Kama wahandisi wenu wawili wakuu wako kwenye Revit, nendeni Revit, hata kama mnaipenda Archicad. Faida ya kuunganishiana modeli bila tafsiri inazidi kila kasoro niliyoitaja, na mtawapata wafanyakazi wanaoijua kwa urahisi zaidi.

Kama wahandisi wenu bado wanachora mistari ya DWG (faili za michoro za AutoCAD), au kila mradi unakuja na wahandisi wapya, sioni sababu ya kulipia uwezo ambao hakuna wa kuutumia nao. Archicad itawapa kazi nzuri ya pamoja ndani ya ofisi, IFC ya kuaminika kwa atakayekuwa tayari, na BIMx ambayo mteja au msimamizi wa saiti anaifungua kwenye simu yake na kutembea ndani ya jengo.

Kama mko wawili na mfuko ni mwembamba, anzeni na Bonsai au FreeCAD kwenye mradi mdogo usio na haraka, na mjue kwamba muda wenu ndio mtakaolipa.

Kabla ya kusaini chochote, ombeni leseni za majaribio, ambazo kampuni zote mbili hutoa. Chukueni jengo dogo mlilokwisha kulimaliza, nyumba ya ghorofa moja yatosha, na mwombeni mhandisi mnayefanya naye kazi kweli awape wiki moja ya muda wake, kwa malipo. Wawili wa ofisi yenu waingie kwenye modeli moja. Tumeni IFC kwake, arudishe yake, fungueni zote kwenye kitazamaji kimoja. Angalieni vijiwe vya sifuri. Hesabuni zege la slabu kwa mkono na mlinganishe na jedwali. Mwandikieni hoja moja kwa BCF na mwone kama inamfikia kwenye boriti sahihi. Halafu zimeni umeme wa seva katikati ya kazi, wakati wote wawili wameunganishwa, mpime inawachukua muda gani kurudi mlipokuwa.